Debe la Kahawa kwa Mwezi

Kwa Ta Byabato, chumba cha mwisho,
Njia ya Ijuganyondo,
Bukoba.
14 Agosti 1955

Tata mpendwa,

Nakusalimu kwa magoti, ingawa magoti yenyewe yako chini ya meza yangu hapa Bukoba na wewe uko Kamachumu. Habari za huko? Mgongo unakuachia usingizi? Na Mama, kile kikohozi chake cha mvua kimekwisha, au bado anakificha kwa kuimba? Mwambie namfahamu, asinifiche. Mimi ni mzima. Nimerudi kanisani sasa hivi, nimepika ndizi zangu, nimekula, na kabla sijaosha sufuria nimechukua kalamu, kwa kuwa nikichelewa nitaanza kuchagua maneno, na barua hii sitaki niichague sana.

Watoto wangu wa darasa la nne wanaendelea vizuri. Wasichana kumi wamebaki, hakuna aliyetolewa kwenda kuolewa tangu Pasaka, na wanangoja mtihani wa mwisho wa mwaka kwa hofu inayonifurahisha. Nakutajia hao mapema ili ujue nilikuwa nafikiria nini muda wote wa mambo nitakayokueleza.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la kahawa. Niliisoma nimesimama barabarani, halafu nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili ilisema jambo lile lile: kwamba chumba kimenishinda, kwamba nauli umeiweka ndani ya bahasha, kwamba nifunge mizigo nirudi nyumbani. Sikukujibu. Usidhani nilikasirika. Au tuseme nilikasirika kidogo, lakini sicho kilichoninyamazisha. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu, na wewe hukunilea niandike barua isiyo na jibu ndani yake.

Sasa ninalo.

Niruhusu nianzie mwanzo, ingawa mwanzo unaujua, maana najua utamsomea Mama na yeye hakuwepo. Mwaka juzi, mwezi wa Januari, uliponileta mjini kuanza kazi ya ualimu, Ta Byabato alikuwa ndiyo kwanza ameezeka safu hii ya vyumba kwa mabati aliyoyanunua kwa fedha za kahawa. Hakutaka karatasi. Alisema karatasi huliwa na mchwa. Alisema vyumba vyake ni vya mwezi kwa mwezi, na kodi ya chumba ni debe moja la kahawa kavu, linalolipwa kwa fedha, kwa bei iliyoandikwa kwenye ubao wa kituo cha kununulia kahawa siku ya kwanza ya mwezi. Alisema mtu anayelala chini ya bati lake atashiba naye na atafunga naye. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma yako, na nakumbuka niliyapenda maneno hayo. Kisha akaleta kile kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, akachagua tunda moja, akalipasua kwa meno, akakupa punje moja, yeye akabaki na ya pili. Akatafuna. Mapatano yakawa yamefungwa, kama yanavyofungwa kwetu tangu zamani.

Tulipotoka nje uliniambia kwamba mapatano hayo ni yako, si yangu. Ukasema siku chumba kitakapokula zaidi ya theluthi ya mshahara wangu, utajua kimenishinda na utanirudisha nyumbani. Nilikubali. Siku ile ningekubali lolote.

Basi kahawa ikapanda. Mama anakumbuka mwaka ule mlionunua baiskeli na mabati. Kila tarehe moja Ta Byabato alikwenda mwenyewe kwenye ubao, akarudi kofia ikiwa imesukumwa nyuma, akasimama katikati ya ua wetu na kutangaza bei kama katekista anayesoma majina ya waliofaulu kipaimara. Tulilipa. Joviana, muuguzi wa chumba kinachofuata, Mkatoliki wa Nshamba, alikuwa akicheka na kusema kwamba kinachotoka mfukoni mwake kinaingia mfukoni mwa kaka yake mwenye shamba la kahawa, basi fedha haijatoka ndani ya ukoo. Josia fundi cherehani alipata nguo nyingi za kushona, kwa kuwa watu walikuwa na fedha. Mimi sikuwa na nguo za kushona. Niliacha sukari, nikatia viraka viatu, nikalipa. Nilikuwa bado chini ya theluthi yako, lakini nilikuwa karibu nayo kama mtu anayetembea kando ya mtaro.

Na nilipokuwa nalipa, Tata, sikuona kwamba nanunua chumba. Nilinunua mlango. Nyumbani mlango hufungwa usiku tu, kwa ajili ya wezi. Hapa naufunga mchana, nikiwa peke yangu, nikisahihisha madaftari, na hakuna anayeuliza nina ugonjwa gani. Sijui kama utaelewa. Nimejaribu mara nyingi kuliandika jambo hili na leo limetoka lenyewe.

Mwaka huu kahawa ikaanguka. Hayo huhitaji mimi nikueleze, wewe ndiwe uliyeianika. Tarehe moja Juni Ta Byabato hakwenda kwenye ubao. Alisema kodi inabaki ilipokuwa. Joviana alipomuuliza kwa upole vipi kuhusu debe, akajibu kwamba kahawa imeshuka lakini bati lake halijashuka, wala ukuta wake haujashuka. Julai ikawa hivyo hivyo. Nikaenda mwenyewe kwenye ubao, nikasoma, nikarudi nikamwambia bei. Akacheka. Aliniita mwalimu, akasema mwalimu mzuri angewafundisha watoto kulipa kabla ya kuwafundisha kusoma ubao wa watu. Akaongeza kwamba debe lilikuwa la miaka mizuri, na asiyeweza atoke mwisho wa mwezi, kwa kuwa kila meli inayotia nanga inashusha watu wanaotafuta pa kulala.

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Anayekaa mwezi kwa mwezi anaweza kutolewa mwezi kwa mwezi. Na wakati huo shule ilikuwa imetukata sehemu ya mshahara kwa ajili ya nyumba mpya ya madarasa, kwa hiyo kodi ile ile niliyoiweza mwaka jana ikavuka theluthi yako. Ndipo nilipokuandikia nikikuomba uje uzungumze naye. Nawe ukanijibu kwa nauli.

Nilikwenda bomani. Karani alinisikiliza vizuri, akaniambia mapatano ya namna yetu, yasiyo na karatasi, husikilizwa kwanza na mkungu wa mahali. Basi nikaenda kwa mkungu Kagaruki, ambaye ndiye mkubwa wa serikali katika kijiji hiki. Nilimkuta ana mafua mabaya, hataki kesi, lakini alikubali kuja Alhamisi, kwa sharti kwamba tumalize kabla ya mvua.

Alikaa uani kwetu kwenye kiti cha cherehani cha Josia, leso mkononi. Wapangaji wote tulikuwepo. Ta Byabato alikuja amevaa kanzu ya kanisani na koti juu yake, na sitamsingizia: alizungumza vizuri kutuzidi. Alisema yeye ni mtu wa mila, na kwa mila, anayedai mapatano ni yule aliyetafuna. Akauliza nani hapa ametafuna naye. Josia alihamia baadaye na hakupewa punje, alipewa ufunguo tu. Kwa ajili ya Joviana alitafuna kaka yake, na kaka yake ameshauza kahawa yake ikiwa bado mtini, na aliyeinunua ni Ta Byabato huyo huyo, kwa hiyo hakuthubutu kufika na hatafika. Wengine wakatazama miguu yao.

Kuhusu mimi, alisema alitafuna na Rutashobya wa Kamachumu, na kwamba atamjibu Rutashobya, hatamjibu mtoto. Akasema siku ile anaikumbuka yote. Akaeleza mbele ya watu jinsi ulivyokuja na majivuno ya watu wa Kamachumu, jinsi ulivyokataa ndizi alizokupikia mke wake, Ma Kokwijuka, jinsi ulivyokaa umeshika shavu kama mtu aliyesikia harufu mbaya, ukajibu kwa neno moja moja na kuondoka. Akasema Rutashobya akidai debe lake, na aje alidai, na safari hii ale. Watu wakacheka. Hata Josia alicheka, halafu akaniomba radhi kwa macho.

Mkungu alipiga chafya, akaniuliza kama baba yangu atakuja. Nikasema hatakuja. Akaniuliza kama umenituma. Tata, tangu asubuhi nilikuwa nimeandaa jibu la ndiyo. Nilikuwa nimelikariri. Lilipofika mdomoni likakataa kutoka, nikasema hapana, hajanituma, amenitumia nauli. Watu wakacheka tena, na mkungu akaanza kukunja leso yake kama mtu aliyemaliza kazi.

Hapa nakuomba ukae, kama umesimama. Kama unamsomea Mama unaweza kukiruka kipande hiki, ila najua atauliza kwa nini umenyamaza.

Niliwaambia habari za jino lako.

Niliwaambia kwamba siku ile baba yangu hakuwa na majivuno, alikuwa na jino bovu. Kwamba alipopewa punje aliipeleka mdomoni, akakohoa, na punje ikabaki kiganjani. Kwamba tulipotoka kwenda kuangalia chumba aliibana mkononi mwangu na kuninong'oneza kuwa akiing'ata hiyo atapiga kelele, na mzee wa kanisa hapigi kelele nyumbani kwa watu, basi nitafune mimi, upesi, na nisimwambie mtu, hata Mama. Na kwamba niliitafuna nimesimama nyuma ya mlango wa chumba hiki hiki, nikaimeza yote, na wiki iliyofuata baba yangu aling'olewa jino hospitali ya misheni, akasema nyumbani kwamba amekwenda kumwona mgonjwa.

Siri hiyo niliitunza tangu siku ile mpaka Alhamisi. Nisamehe kwa kuitoa mbele ya watu. Sitakuomba unisamehe kwa sababu iliyonifanya niitoe.

Aliyeanza kusema ni Ma Kokwijuka, akiwa mlangoni pa jiko na kisu cha ndizi mkononi. Alisema shavu aliliona kwa macho yake, lilikuwa limevimba kama mgeni amemeza yai likakwama, na alimwambia mume wake siku ile ile kwamba mtu huyu anaumwa, mume wake akajibu hayo ni majivuno. Akasema ni mwaka wa tatu huu anasikia jinsi ndizi zake zilivyotukanwa na mtu wa Kamachumu, na leo ndiyo anajua hazikutukanwa. Mkungu alicheka mpaka mafua yakamtoka machoni.

Ta Byabato alisema punje aliyopewa mwanaume haiwezi kuwa ya msichana kwa kuipitisha mlangoni. Mkungu akamuuliza, basi iko wapi. Alisema amesikiliza kesi za kahawa tangu ujana wake, na hajapata kuona mapatano yanayokaa kiganjani: yanakaa tumboni, na tumbo ni la huyu. Ta Byabato akasema kutafuna kwa mwanamke ni kwa ugeni tu, hakufungi neno. Nadhani alijuta kabla hajamaliza. Ma Kokwijuka alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alitafuna kahawa ya kikapu kile siku alipoingia nyumba hii, na kama kutafuna kwa mwanamke si kitu, basi mume wake amsaidie kufunga mizigo, kwao si mbali. Joviana alipiga makofi mara moja, akaificha mikono.

Ndipo nikaomba kusema neno la mwisho. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo nililigundua nikiwa katikati ya sentensi kama mtu anayejigundua anaogelea. Nilisema kwamba kahawa ilipopanda, Ta Byabato alinidai debe mimi, si baba yangu. Hakupanda lori kwenda Kamachumu kudai. Kama mapatano ni yangu kwenye kupanda, ni yangu kwenye kushuka. Na kama si yangu, basi amekuwa akipokea fedha kila mwezi kwa mtu ambaye hana neno naye, na mkungu amwambie azirudishe zote.

Mkungu hakuchukua muda, mvua ilikuwa imeanza kuonekana upande wa ziwa. Alisema kodi ni debe moja, likipanda inapanda, likishuka inashuka, na tarehe moja mwenye nyumba atakwenda kwenye ubao pamoja na mpangaji mmoja, wasome wote wawili. Tulichozidishiwa tangu Juni kitahesabiwa kwenye miezi ijayo. Na anayelipa debe lake hatolewi kwa sababu ya kusoma ubao.

Josia akasimama akasema yeye hatakaa tena kwa ufunguo tu, anataka punje. Joviana naye akataka yake, mkononi mwake, siyo ya kaka. Kikapu kikaletwa. Ta Byabato alipasua tunda baada ya tunda na kutafuna na kila mmoja wetu, mpaka midomo ikamkauka, na Josia akamuuliza kama cherehani nayo itapata, kwa kuwa nayo inalala chumbani. Ta Byabato alicheka, Tata. Ni mtu mgumu lakini alicheka. Alipofika kwangu alisema mimi sina haja, nilishakula kahawa yake kwa siri kama mdudu wa ghalani. Halafu akanipa ile punje. Akaniambia nikupe salamu, na nikuulize kama meno yaliyobaki ni mazima, maana anakualika uje ule ndizi.

Mvua iliponyesha niliingia chumbani na kufunga mlango. Nilidhani nitalia, kwa sababu ndivyo ninavyofanya kwa kawaida. Nilicheka. Nilicheka peke yangu kwa sauti, na chumba cha pili Joviana akanisikia, naye akaanza, na ukuta ni mwembamba.

Sasa jibu la barua yako. Ulisema mapatano ni yako, na kwa hiyo kunirudisha ni haki yako. Nilikuamini kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, mimi ambaye nilikuwa na ladha chungu ya kile kitu ulimini. Mapatano yalikuwa yangu tangu siku ya kwanza. Wewe ndiwe uliyenikabidhi, kwa mkono wako, na sijui kama ulifikiria ulichokuwa unafanya au ulifikiria jino tu. Nimeamua kuamini kwamba sehemu yako moja ilijua. Nauli nairudisha ndani ya bahasha ile ile. Desemba nitakuja, kwa nauli yangu, na mfuko mdogo, wa mtu anayerudi kazini Januari. Wasichana wangu kumi watakuwa wameshafanya mtihani, nami nitakuletea matokeo ya kila mmoja.

Kuna jambo moja limenikalia moyoni katika furaha hii yote, nami sitalificha. Bei iliyonishushia kodi ni bei ile ile iliyokuumiza wewe. Kila senti niliyoshinda hapa imeanguka kutoka kwenye miti yako. Alhamisi, watu walipokuwa wakinishika mkono, niliona mikono yako ikigeuza kahawa kwenye jamvi. Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo Joviana anasema ni la wazimu: naomba kila siku kahawa ipande. Tarehe moja ijayo ni zamu yangu ya kwenda kwenye ubao na Ta Byabato. Akianza kusukuma kofia nyuma, nitajua kodi yangu imeongezeka, na nitalipa bila neno, maana nitakuwa nimejua pia, kabla hujaniandikia, kwamba nyumbani mmecheka.

Msalimie Mama sana, na mwombe asikucheke mbele ya wageni. Joviana anawasalimu ingawa hamjamwona, na Josia anasema ukija na kitambaa atakushonea koti kwa bei ya rafiki. Mungu awape mvua ya kiasi na jua la kuanikia.

Mimi binti yako, mpangaji wa chumba cha mwisho,
Kokuhirwa